Samaki Mla Wenzake Ndani ya Nyumba

Ndugu msomaji, labda kwenu pia kuna kijana anayefuga samaki katika akwariamu, lile sanduku la vioo lenye maji. Kama samaki wake ni tilapia, hana shida kubwa: watakula pumba, watakula makombo, watanenepa. Lakini kama amepata samaki mla wenzake, nakuomba usome ukurasa huu pamoja naye, maana jambo lenyewe linagusa afya ya watoto na makuta ya nyumba.

Sisi tuko nao wawili. Ni makobo, wale wa mdomo mkubwa tunaowaona sokoni wakitoka Kasenga. Wataalamu wanawaita Serranochromis. Ni jamaa ya tilapia, lakini tabia zao mbalimbali. Mvuvi mmoja wa Luapula alimpa mwanangu wa kwanza wakingali na urefu wa kidole, naye akawaleta Lubumbashi ndani ya bidoni, njia ile ya kilomita 200 hivi, wakafika wazima. Tulifurahi wote. Hatukuwa tumeuliza bado watakula nini.

Makobo anawinda kwa macho. Kwake yeye chakula ni kitu kinachokimbia. Ukimtupia kipande cha nyama, kinashuka mpaka chini kama jiwe, naye anakitazama kama jiwe. Basi kila siku baada ya masomo vijana wangu wawili walichukua chandarua cha zamani wakashuka kwenye kijito kuvua vitoto vya samaki. Na kijito chenyewe, ninyi mnaokaa karibu na viwanda mnakijua cha namna ile: maji yana rangi isiyo ya maji, na matope yanashika miguuni. Mwaka 2009 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Ubelgiji walitangaza matokeo ya kupima mikojo ya watu wa Katanga ya kusini. Waliona kobalti nyingi kupita kiasi kwa wale wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya kuyeyusha madini, na kwa watoto zaidi. Mtoto anayesimama ndani ya matope yale kila siku mpaka magotini, sababu ya chakula cha samaki, mzazi gani atalala usingizi?

Tena palikuwa na neno la mama mmoja jirani. Alipita, akaangalia, akasema kwa sauti ya upole: "Batoto ba bantu banalala na njala, na ile yenu inakula samaki ya muzima?" Sikumjibu. Sijui ningejibu nini.

Mama watoto ndiye aliyekata maneno. Akatupa majuma mawili: samaki wajifunze kula kilichokufa, ao waingie katika sufuria. Kijana wa pili alilia. Mimi niliona hukumu ni ya haki.

Mbele ya kueleza tulivyofanya, nitaje sababu nyingine mbili, maana wafugaji wengi hudhani chakula kizima ndicho bora. Samaki wa mtoni analeta wadudu na magonjwa yake. Ule ugonjwa wa madoa meupe kama chumvi mwilini huingia hivyo, nao unaweza kumaliza akwariamu nzima. Ya pili haijulikani sana: samaki wengine, wale wekundu wa mapambo na wengi wa jamii ya kapi, wana kitu mwilini kinachoharibu vitamini B1. Mwenye kulishwa hao tu kwa miezi mingi anadhoofika, anaogelea kama mlevi, na mwenyewe anatafuta ugonjwa ndani ya maji bila kuuona. Kuwagandisha kwa baridi kunaua wadudu wengi, lakini kitu kile hakiondoki. Moto ndio unaokiharibu.

Sasa kazi yenyewe. Makobo wetu walikuwa wamefikia urefu wa kiganja na walikuwa wanene, kwa hiyo tuliwanyima chakula siku tatu. Samaki mkubwa mwenye afya anaweza kukaa juma zima bila kula. Kitoto cha urefu wa kidole usikifanyie hivyo, kitakufa mbele ya kujifunza. Siku ya nne, saa ileile waliyozoea kulishwa, tuliua kitoto kimoja cha tilapia tukakifunga kwa uzi mwembamba. Binti yangu akashika kijiti, akakivuta polepole ndani ya maji, kidogo kidogo, kisimame, kishtuke, kikimbie. Yule mdogo akageuka. Akakifuata. Akakimeza pamoja na kipande cha uzi! Toka siku ile hatukufunga tena kwa fundo. Tunakibana tu kwenye ncha ya kijiti iliyopasuliwa, akivuta kinatoka.

Mkubwa alikataa. Siku ya tano, ya sita, ya saba, alikuja karibu, akanusa, akarudi kwenye kona yake. Hapa ndipo watu wengi hushindwa, wanasema "atakufa", wanamtupia kizima kimoja kwa huruma. Ukifanya hivyo amejifunza neno moja tu: kwamba ukingoja unapewa. Sisi tuliondoa kila kipande kisichoguswa baada ya dakika chache, sababu kikioza kinaharibu maji, kisha tulimjaribu na nyungunyungu aliyekatwa. Nyungunyungu ni daraja zuri: amekufa lakini bado anajinyonga. Akamtema. Lakini siku ya tisa mdogo alipokuwa anavuta cha kwake, mkubwa aliruka akamnyang'anya mdomoni. Wivu ulifanya kazi iliyoshindwa na njaa. Tangu hapo tunawalisha pamoja kila mara, na ukiwa na samaki aliyekwisha kuzoea, muweke karibu na mgeni. Atamfundisha kuliko wewe.

Juma lililofuata tulipunguza mchezo wa kijiti, tukaingiza vipande vya tomson ya frigo, ile inayotoka bahari ya Namibia. Tunatoa ngozi na miba, tunakata vipande virefu kama kidole cha mtoto. Kipande kirefu kinashuka kikichezacheza, cha mraba kinaanguka tu. Wanakula mara tatu kwa juma, na kichwa kimoja cha tomson kinabaki kwetu kwa mchuzi. Moyo wa ng'ombe pia wanaukubali, lakini si wa kila siku, maana mafuta ya mnyama wa damu moto hayamfai samaki.

Kijana mmoja wa kwaya aliniuliza: ikiwa kitabu cha Mwanzo kinasema wanyama walipewa majani, juu ya nini usiendelee mpaka ale bukari? Ni ulizo zuri, na jibu liko tumboni. Utumbo wa tilapia ni mrefu mara kadhaa kuliko mwili wake, kwa hiyo anaweza kufanya kazi na majani. Wa mla samaki ni mfupi. Ukimlazimisha bukari utamjaza bila kumlisha. Tulitaka aache kizima, si aache samaki.

Neno juu ya baridi. Mji wetu uko juu, karibu mita 1,200, na usiku wa mwezi wa sita na wa saba maji ya akwariamu yanapoa sana, zaidi umeme ukikatika na kifaa cha kupasha maji kikizimika. Samaki aliyepoa hali, awe amezoea ao hajazoea. Usianze kazi hii wakati huo. Utadhani ni ukaidi, kumbe ni baridi. Ngoja mwezi wa tisa.

Na ukichoka naye, usimtupe katika mto wowote. Sangara walitiwa katika ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, na kufika miaka ya 1980 aina nyingi za samaki wadogo wa ziwa lile walikuwa hawaonekani tena. Kama ni kumaliza, sufuria ni bora.

Wetu hawakuingia sufuriani. Chandarua kile kinafunika mboga bustanini, na vijana hawashuki tena kwenye kijito. Tulijaribu pia kisense kavu, tukailoweka usiku mzima, sababu ni rahisi kuipata na haihitaji frigo. Mdogo anaila. Mkubwa anaitia mdomoni, anafikiri, anaitema mbali, kila mara. Basi ile inayobaki kwenye mfuko mama watoto anaikaanga na nyanya, na sisi hatuitemi.