Tanzia ya Kaka Mkubwa Asiyekuwa Mkubwa

Habari ziwafikie ndugu, jamaa na marafiki popote pale walipo, hasa wanaoshinda maabara wakichungulia kuvu: ile dhana kwamba kuvu wa uozo wa kahawia ndio wazaliwa wa kwanza kati ya kuvu walao mbao, haipo tena.

Marehemu alilelewa Ottawa, Kanada, na Mildred Nobles, aliyekuza kuvu hawa kwa miaka mingi. Kila mmoja alidondoshewa utomvu wa mti wa gwayaki ulioyeyushwa katika spiriti. Pakigeuka buluu, huyo ana vimeng'enya vya kuvunja lignini, ile gundi ya mbao: wa uozo mweupe. Wa kahawia hakubadilika rangi. Hana kitu, basi ni wa kale. Aliye mikono mitupu alizaliwa kabla ya jembe. Simcheki aliyewaza hivyo, hata mimi ningewaza.

Robert Gilbertson wa Arizona, mwaka 1980, akaigeuza hoja: huenda jembe lilikuwepo, likawekwa chini. Ugonjwa ukaanzia hapo. Mwaka 2012 zikalinganishwa jenomu 31 za kuvu, na majibu yakatoka. Babu alikuwa wa uozo mweupe, mkononi ana peroksidasi zake, vile vimeng'enya vya kuvunja lignini. Wajukuu kadhaa, kila mmoja kwa wakati wake, walizipoteza.

Wala hawakufa njaa. Kwa chuma na peroksidi ya hidrojeni huifikia selulosi, chakula chenyewe, bila kuhangaika kuimaliza lignini, na kuiacha nyingi nyuma. Ndiyo maana gogo la msonobari walilolila hubaki na rangi ya ugoro, limepasuka miraba kama tope la bwawa lililokauka. Fikicha kipande, unga mtupu.

Na kwa kuwa kila mjukuu alipoteza jembe kwa wakati wake, hata ukoo wa kahawia wenyewe haukuwa mmoja. *Serpula lacrymans*, mbomoaji wa sakafu za Ulaya, ni jamaa wa uyoga wenye vitundu chini ya kofia, aina ya ule unaoota hata kwenye miombo yetu. *Postia placenta* yuko kwingine kabisa, kundi moja na wengi wa uozo mweupe.

Tusidanganyane msibani, lakini. *Lacrymans* ni "anayelia", na kweli mwilini mwake huning'inia matone mfano wa machozi. Hamlilii marehemu. Jina hilo alipewa mwaka 1781, na alikuwa akidondosha maji vivyo hivyo.