Maagizo Niliyoyaruka

Nalipofanya mtihani wa KCSE nchini Kenya, nalijiona hodari wa insha. Karatasi ya kwanza ya Kiswahili huwa na maswali manne: la kwanza ni la lazima, kisha mtahiniwa huchagua moja katika matatu yaliyosalia, kila moja alama 20. Kwa pupa nikajibu la pili na la nne. Karatasi zilipokwisha kukusanywa ndipo nilipotambua kosa: nusu ya alama 40 imepotea, wala si kwa kutojua lugha.

Nyumbani mama akaniuliza, "Mwanangu, hukusoma maagizo?" Nikainamisha kichwa.

Amri ya kwanza aliyoteremshiwa Mtume wetu (s.a.w.) ni kusoma, nami nalikimbilia kuandika. Enyi vijana, someni maagizo kwanza. Nanyi wazazi, wazoezeni kwa karatasi za miaka iliyopita.