Kompresa "Mpya"



Joto la Bujumbura mnalijua. Mama yangu ana presha, na kiyoyozi cha gari kilikuwa kinapuliza hewa ya moto. Nikajaza gesi mara tatu, mara tatu ikaisha. Kumbe gesi ile hailiwi kama petroli. Inazunguka tu ndani ya mabomba. Ikipungua sana, basi pahala panavuja.

Fundi mmoja wa Buyenzi, kijana niliyemsomesha Juzuu Amma, akaona inavujia kwenye sili ya kompresa. Nikanunua nyingine, mpya, ndani ya boksi lake. Kijana akaiinamisha, mafuta yakatoka meusi, yana chembe za chuma.

"Maalim, hii kuukuu imepakwa rangi. Ningeifunga usingejua, na ujira wangu ningepata."

Nikanyamaza. Mwaka jana niliuza pikipiki yangu, nikaficha kwamba injini inakula oili. Na mimi ndiye ninayefundisha ile hadithi ya chakula kilicholowa chini ya rundo! Jioni ile nilimpigia simu aliyeinunua. Namlipa kidogo kidogo.

Muuzaji wa kompresa alirudisha nusu ya pesa, baada ya maneno mengi. Tukapata ya mtumba, iliyouzwa kwa jina lake la mtumba, mafuta yake safi. Fundi akabadilisha na kichujio cha unyevu, akanyonya hewa yote kwa pampu, ndipo akajaza gesi.

Jumamosi tulikwenda Rumonge. Mama alilala njia nzima.