Jina Lililoliwa

Katika riwaya ya The Tombs of Atuan, iliyotoka mwaka 1971, Ursula K. Le Guin ametuchorea nyumba tatu za ibada zilizosimama jangwani, katika kisiwa cha Atuan. Moja ni ya Mfalme-Mungu atawalaye Dola ya Kargad. Ndiyo mpya kuliko zote, na hutunzwa ikatunzika. Ya pili ni ya Miungu Ndugu, nayo ina umri mkubwa zaidi. Ya tatu, kongwe kupita zote, kuba lake limeporomoka na mvua huingia ndani. Nyuma yake yako mawe meusi tisa ya Makaburi ya Wasio na Majina. Mwenye kuzipita nyumba hizo tatu huwa ameipitia tarikhi ya imani ya Wakargi bila ya kufunua kitabu. Na vitabu kwao havimo, kwani maandishi huhesabiwa kuwa ni uchawi.

Dini ya dola haikuyavunja madhabahu ya kale. Iliyaacha yavuje. Makuhani wakuu wa zamani waligeuka wafalme, kisha wafalme wakajitangaza kuwa miungu, na sadaka zikafuata njia ya enzi. Lakini giza la chini ya Makaburi lilibaki na kazi yake. Mfalme-Mungu hupeleka huko watu waliomfanyia njama, na Arha, kuhani mkuu wa Wasio na Majina, naye bado ni msichana tu, hutakiwa aamue wafe vipi. Huamua wafe njaa gizani, kisha hukosa usingizi. Hapo ndipo msomaji anapobaini hila: miungu ya kale imefanywa mlinzi wa jela ya mungu mpya.

Naye Kossil, kuhani wa Mfalme-Mungu, haogopi kitu. Huingia na taa mahali ambapo mwanga umeharimishwa tangu zama. Kwake yeye Wasio na Majina ni hofu ya watu wengine, na hofu ya watu wengine ni mali. Dola hazikosi watumishi wa namna yake: hawaamini walichokikuta wala walichokileta, ila huamini amri.

Arha maana yake ni Aliyeliwa. Alichukuliwa kwa wazazi wake akiwa mtoto mdogo, kwa kudaiwa kuwa kuhani aliyekufa amezaliwa tena ndani yake, na alipotimu miaka sita jina lake likaliwa mbele ya kiti kitupu. Le Guin hakulitoa hilo hewani. Alizaliwa California mwaka 1929, binti wa mwanaanthropolojia Alfred Kroeber. Mama yake, Theodora, aliandika maisha ya Ishi, mtu wa mwisho wa Wayahi, kabila lililomalizwa na walowezi. Mtu huyo hakupata kulitaja jina lake hata siku moja, kwani kwao mtu hajitaji. Ishi, yaani ‘mtu’, aliitwa na Kroeber. Binti wa nyumba hiyo alijua kwamba umma hupotea na majina yake.

Anayemrudishia Arha jina lake ni mgeni. Ged, mweusi wa ngozi kutoka kisiwa cha Gont, mjuzi wa yale ambayo watu wa Funguvisiwa huyaita elimu na Wakargi huyaita uchawi, ameingia Makaburini kutafuta nusu ya pete iliyovunjika. Humwita Tenar. Basi si kila kigeni huja kunyang’anya. Na alichopewa Tenar hakikuwa kigeni, kilikuwa cha mama yake.

Lau Le Guin angekomea hapo, kisa kingelala upande mmoja: wenye elimu wamemwokoa binti wa washenzi. Na kweli, kitabu cha kwanza, A Wizard of Earthsea cha mwaka 1968, kiliwaonyesha Wakargi weupe wakija na majahazi kuchoma vijiji vya Gont, na hapakuwa na neno la kuwatetea. Lakini mwandishi aliendelea kuwauliza watu wake maswali kwa zaidi ya miaka 30. Katika The Other Wind, mwaka 2001, jawabu linapinduka. Wajuzi wa Funguvisiwa walikuwa wameighusubu sehemu ya nchi ya mazimwi ili roho zao zidumu, na wakapata Nchi Kavu, ambamo wafu husimama bila ya kujuana wala kupendana. Wakargi, waliodharauliwa kwa kukosa elimu hiyo, huamini kuwa afaye hurudi katika uhai pamoja na wanyama na majani. Kumbe ndio waliolishika agano la kale. Ujinga wao ulikuwa uaminifu.

Hapo ndipo penye uzito kwa sisi wa visiwani, tuliozoea kupima nani amestaarabika kwa kutazama nani amekuja na nini. Le Guin hasemi kwamba cha kale kina haki kwa ukongwe wake: Makaburi yale hula watoto, na yanapoanguka msomaji hayalilii. Wala hasemi kwamba kilicholetwa ni batili kwa kuwa kimeletwa. Anataka kila imani iulizwe inamfanya nini aliye dhaifu kuliko wote mbele yake.

Katika kitabu hicho cha mwisho mfalme mpya wa Wakargi anampeleka binti yake, Seserakh, Havnor aolewe na mfalme wa Funguvisiwa. Binti hajui lugha ya wenyeji, amejifunika shela jekundu, na wakubwa wa jumba wanamwona kama mzigo. Tenar, sasa mwanamke mzima mwenye mvi, aliyeishi maisha yake ugenini Gont, anaingia chumbani na kumsemesha Kikargi. Seserakh anaifunua shela yake.