Nyasi Tumboni mwa Ngoro

Umatengoni, katika milima ya Mbinga, Tanzania, nyasi hazikuwa takataka ya kuchomwa. Mvua zilipokaribia ukingoni, mnamo Machi, wanaume walifyeka shamba lililopumzika na kuzipanga nyasi chini kwa miraba. Wanawake wakachimba katikati ya kila mraba na kuzifunika nyasi kwa udongo waliouchimbua. Hivyo ndivyo mashimo ya ngoro yalivyopata kingo zenye nyasi tumboni. Kilimo hicho kina zaidi ya karne moja, na huhusishwa na jinsi Wamatengo walivyobanana milimani katika karne ya 19 wakikimbia uvamizi wa Wangoni. Wengi wamekisifu kwa kuzuia mmomonyoko, na wana haki, kwani miteremko ya kule haina huruma. Sifa hiyo, hata hivyo, imefunika jambo ninaloliona kubwa zaidi: nyasi zilifukiwa kina kidogo, tena zikapewa muda.

Nyasi na mabua hayageuki rutuba yenyewe. Huozeshwa na bakteria na kuvu, ambao wanataka hewa, joto na unyevunyevu, na vyote vitatu hupatikana pamoja karibu na uso wa ardhi. Ukiyazika chini kabisa, kwenye udongo uliobana na kulowa, hewa huwa haba na kuoza hukawia. Hata virutubisho vikitoka, mizizi michanga haijafika huko. Isitoshe, anayechimba sana hupandisha juu udongo fukara. Yuko atakayepinga akisema kwamba mahindi juu ya mabua yaliyofukiwa huwa ya manjano. Ni kweli. Katika mabua ya mahindi kaboni ni takriban mara 60 ya naitrojeni, ilhali uozaji usioipokonya mimea chakula unataka kama mara 25 tu. Naitrojeni inayopungua bakteria huichota udongoni. Ngoro ilikuwa na jibu lake: kwenye kingo mpya yalipandwa maharage, ambayo hujipatia sehemu ya naitrojeni yake kutoka hewani, na mahindi yakasubiri mvua za mwisho wa mwaka, nyasi zikiwa zimekwisha kuoza.

Baada ya kahawa kuingia, mbolea ya dukani ilifuata. Ruzuku yake ilipoondolewa nchini mwanzoni mwa miaka ya 1990, bei ikapanda, na waliohamia mashamba mapya ya mabondeni wengi walilima matuta ya kawaida. Siwalaumu: ngoro ni kazi nzito, na sehemu yake ya kuvunja mgongo iliwaangukia wanawake. Wapo wanaoshauri mabua yaachwe juu ya ardhi, yakinge matone ya mvua. Ushauri mzuri, ila penye ng'ombe wanaozurura na mchwa wenye njaa mabua hayo hayaufikii msimu wa kupanda. Wengine, wakitetea kuchimba chini zaidi, hutaja tumbukiza ya Kenya, yenye mashimo ya kina cha kama sentimita 60. Lakini yale ni ya majani ya Napier, hujazwa samadi iliyochanganywa na udongo wa juu, na mmea wake hukaa miaka.

Kwa hiyo, mkulima mwenye mabua shambani, kabla hujawasha kiberiti, yakatekate, yafukie kina cha jembe la mkono, na msimu wa kwanza upande maharage.