Tano Tisa ya Adabu

Sisi wapenzi wa redio za ridhaa hupeana taarifa tunapowasiliana: tarakimu moja kwa usikivu, nyingine kwa nguvu ya mawimbi. Aghalabu jibu huwa "tano tisa", yaani alama kamili. Mwaka 1981 umoja wetu wa Ulaya, Afrika na Mashariki ya Kati ulipendekeza kwamba, katika mawimbi mafupi, tisa iwe mikrovolti 50 na kila daraja desibeli 6. Lakini mishale ya redio nyingi haiifuati kanuni hiyo. Kasoro ya chombo husameheka. Tulipobadili antena, tulipewa "tano tisa" kabla na baada, na mmoja akatuomba turudie jina mara tatu! Sifa hiyo haikutufunza lolote. Anayeuliza aambiwe kilichosikika.