Kupanuka si Kukua

Neno kukua lina jirani yake, nalo ni neno kupanuka. Maneno haya hufanana kwa sura, hata watu wengi huliita moja kwa jina la jingine. Mto ukifurika hupanuka, lakini haukui. Siku ya tatu hurudi katika mkondo wake na kuacha matope juu ya mimea ya watu. Mtoto akivaa kanzu ya babake huonekana mpana, lakini kimo chake ni kile kile. Ningependa, msomaji, tuyapime maneno haya mawili kwa jambo ambalo yamkini unalipenda kuliko hesabu: mpira wa miguu, na hasa ligi kuu ya Kenya.

Mimi nafundisha katika shule ya sekondari hapa Kanyakine, upande wa Imenti Kusini katika nchi ya Meru. Huku udongo ni mwekundu, mvua si haba, na kahawa na migomba hukaa pamoja katika shamba moja kama ndugu waliopatana. Jumamosi alasiri, kazi za shamba zikiisha, wapenzi wa mpira hukutana penye banda la kinyozi sokoni. Huanza kwa habari za timu za Uingereza, kwa kuwa hizo ndizo zinazoonekana kila juma katika televisheni. Walakini mazungumzo yakiiva hurudi nyumbani, na swali huwa lile lile: ligi yetu iwe na timu ngapi? Wako wanaosema 16, wako wanaosema 18, wako wanaosema 20, na yuko mmoja asemaye 47, yaani timu moja kwa kila kaunti. Mimi husikiliza zaidi kuliko ninavyosema, kwa sababu swali hili si jepesi, na kila upande una haki yake.

Anayetetea upanuzi kwa nguvu zaidi ni fundi mmoja wa cherehani. Huniuliza, "Mwalimu, ligi ya taifa isiyofika kwetu ni ya taifa gani?" Swali hili lina uzito. Katika msimu wa 2024/2025 ligi kuu ilikuwa na timu 18. Nairobi ilikuwa na nyingi; Mombasa ilikuwa na Bandari, Kakamega ilikuwa na Homeboyz, Kisii ilikuwa na Shabana, na Murang'a nayo ilikuwa na timu yake. Meru, Embu na Tharaka-Nithi hazikuwa na hata moja. Wala si kwamba hatuna kiwanja. Kinoru, katika mji wa Meru, kilianza kutengenezwa upya ili kipokee baadhi ya michezo ya kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za nyumbani, iliyokusudiwa kuchezwa Kenya mwaka 2018. Mwaka 2017 Kenya ilinyang'anywa mashindano hayo kwa kuchelewa katika matayarisho, yakapewa Moroko. Kiwanja kikabaki, na tarehe 1 Juni 2018 sherehe za taifa za Madaraka zikafanyiwa hapo. "Basi nyumba tunayo," asema fundi, "mpangaji ndiye hatuna."

Fundi huongeza mfano wa Shabana. Klabu hiyo ya Kisii ilishuka daraja mwaka 2006, ikakaa nje ya ligi kuu miaka 17, ikarudi mwaka 2023, na watu wa Kisii wakaifuata kwa wingi, nyumbani na ugenini. Ni kweli kwamba timu moja yenye watu wake huweza kuitia ligi nzima uhai. Lakini angalia neno moja, msomaji. Shabana haikuwekewa kiti cha nyongeza. Ilishinda ligi ya daraja la pili, ikapanda kwa miguu yake yenyewe.

Upande wa pili yuko mzee mmoja, mwalimu mstaafu, ambaye ameijua ligi hii tangu ujana wake na wake yeye. Ligi ya taifa ilianza mwaka 1963, mwaka ule ule wa Uhuru, na Nakuru All-Stars ndio waliokuwa mabingwa wa kwanza. Mzee hupenda kusimulia mwaka 1987, wakati Gor Mahia ilipotoka sare ya 2-2 na Espérance mjini Tunis, kisha sare ya 1-1 katika kiwanja cha Kasarani, ikatwaa Kombe la Washindi la Afrika kwa mabao ya ugenini. "Siku zile," asema, "hatukuuliza timu ni ngapi. Tuliuliza tiketi zimebaki ngapi."

Mzee hutukumbusha pia ugomvi wa miaka ya karibuni. Mwanzoni mwa mwaka 2015 shirikisho la mpira lilitaka timu 18, nayo kampuni iliyokuwa ikiendesha ligi wakati huo ikashikilia 16. Hawakupatana, na nchi moja ikaanza msimu kwa ligi mbili. Ugomvi ukatulizwa, na timu 16 zikaendelea. Mwaka 2017 shauri la timu 18 likashinda. Mwezi wa Aprili mwaka huo SuperSport, iliyokuwa ikiionyesha ligi katika televisheni na kuilipa, ilivunja mkataba kwa hoja kwamba upanuzi huo ulikiuka mapatano. Hivyo ligi ilipata timu 2 ikapoteza televisheni.

Siku moja nililipeleka swali hili darasani, maana mabishano yasiyo na hesabu hayana mwisho. Niliwaambia wanafunzi watafute idadi ya michezo ya msimu mmoja, ikiwa kila timu yakutana na kila nyingine mara mbili, nyumbani na ugenini. Kanuni yake ni rahisi: zidisha idadi ya timu kwa idadi hiyo hiyo iliyopunguzwa moja. Timu 16 hucheza michezo 240. Timu 18 hucheza michezo 306. Timu 20 hucheza michezo 380. Kutoka 16 hadi 18 timu zimeongezeka kwa sehemu moja ya nane, lakini michezo imeongezeka kwa zaidi ya robo. Darasa lilikaa kimya kidogo, kisha msichana mmoja akauliza, "Mwalimu, nauli ya michezo hiyo 66 nani ataitoa?"

Swali lake ndilo kiini cha jambo lote. Bandari ikitoka Mombasa kwenda kucheza Kakamega husafiri zaidi ya kilomita 800, na baada ya mchezo itarudi. Wachezaji watakula, watalala, watatibiwa wakiumia. Mlangoni pakikusanywa fedha za watazamaji mia mbili au mia tatu, hizo hazitoshi hata mafuta ya basi. Ndiyo maana klabu nyingi hutegemea mdhamini, na mdhamini ni kama mvua: huja, na huenda zake. Mwezi wa Agosti 2019 SportPesa iliacha kuidhamini ligi baada ya mzozo na serikali juu ya kodi. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo SoNy Sugar ya Awendo, iliyokuwa bingwa wa Kenya mwaka 2006, ilifukuzwa katika ligi kwa kukosa kufika katika michezo mitatu. Bingwa wa zamani hakuondolewa na mpinzani. Aliondolewa kwa kutokuwapo uwanjani.

Jirani zetu wa Tanzania wamekwisha kuupima upanuzi kwa vitendo. Katika msimu wa 2018/2019 ligi yao ilipanuliwa kutoka timu 16 hadi 20. Walikaa hivyo misimu miwili, wakapunguza hadi 18, na katika msimu wa 2021/2022 wakarudi 16. Mwaka huo wa 2021 walipata mkataba wa televisheni wa miaka 10 wenye thamani ya zaidi ya shilingi bilioni 225 za Tanzania. Sisemi kwamba kupunguza timu ndiko kulikoleta fedha hizo. Nasema kwamba kupunguza timu hakukuzizuia, na kwamba watu wanaojua wanachokitaka hawaoni haya kurudi nyuma hatua mbili.

Marekani nao wana mafunzo mawili juu ya jambo hili, moja la kuanguka na moja la kusimama. Ligi yao ya awali ilianzishwa mwaka 1968. Mwaka 1975 Pelé wa Brazil alikwenda kuichezea timu ya New York, watu wakafurika viwanjani, na kila tajiri akataka timu yake. Mwaka 1978 timu zilifika 24. Miaka michache baadaye fedha zikaisha, timu zikafa moja baada ya nyingine, na msimu wa 1984 ukawa wa mwisho. Ligi nyingine ilianza mwaka 1996 kwa timu 10. Ilipofika 12 ilijiona imezidiwa, ikafunga 2, ikaanza mwaka 2002 na timu 10 tena. Kisha ikaongeza kidogo kidogo, moja leo na moja baada ya miaka, hata mwaka 2025 ikafika 30. Wao hawana kupanda wala kushuka daraja kama sisi. Anayetaka kuingia hulipa ada kubwa mno. Njia yao si yetu. Ila subira yao yaweza kuwa yetu.

Msomaji, kama umezaliwa huku mlimani unajua desturi ya mkulima wa migomba. Shina la mgomba hutoa machipukizi mengi, na asiyejua huyaacha yote akidhani atapata mikungu mingi. Hupata mikungu myembamba isiyouzika. Mkulima hodari huacha mitatu: mama, binti na mjukuu. Mama ana mkungu, binti anajiandaa kuzaa, mjukuu ndiyo kwanza anachomoza. Mama akivunwa na kukatwa, shamba halibaki tupu. Ligi kuu ni mama. Ligi za madaraja ya chini ni binti. Timu za vijana na za shule ni mjukuu. Katika mabishano yetu ya Jumamosi nimesikia mengi juu ya mama, machache juu ya binti, na juu ya mjukuu karibu hapana neno.

Kuhusu huyo binti nina ushahidi wa karibu. Yuko kijana niliyemfundisha, mlinda lango, ambaye mikono yake ilikuwa kama gundi. Alipomaliza kidato cha nne alijiunga na timu moja ya daraja la chini. Alicheza vizuri, na watu wakaanza kumtaja. Lakini timu ile haikuwa na fungu la safari. Mara ya kwanza walichangishana wakasafiri. Mara ya pili walikopa. Mara ya tatu walikaa na mifuko yao kando ya barabara tangu alfajiri mpaka jua likawa kali, gari lisije, na pointi zikapewa wenzao. Kabla ya msimu kwisha timu ilikuwa imetawanyika. Kijana huyo sasa anaendesha bodaboda, na Jumamosi hupumzika penye banda la kinyozi kama wengine. Siku moja fundi na mzee walipokuwa wakishindana kwa sauti kubwa juu ya 18 na 20, alisema polepole, "Wazee wangu, mimi sikushindwa na washambuliaji. Nilishindwa na nauli." Hakuna aliyemjibu.

Neno lile limenitengenezea rai yangu, nami nakupa bure, uipime mwenyewe. Fundi ana haki kutaka timu ya Meru katika ligi kuu, nami naitaka kama yeye. Lakini tukipewa kiti cha nyongeza leo, huku vijana wetu hawana basi wala mwalimu wa mpira, tutakaa juu yake msimu mmoja, tutakosa safari tatu, na tutaondolewa kwa aibu. Upanuzi ni tunda la kukua, hauwezi kuwa mbegu yake. Ligi ikue kwanza: kila mchezo uliopangwa uchezwe, kila mchezaji alipwe siku aliyoahidiwa, milango ya viwanja ihesabu watazamaji waliolipa, na ligi ya chini iwe na nauli kabla ya ligi ya juu kuongezewa viti. Hayo yakitimia, timu mbili au nne zaidi hazitamlemea mtu.

Huenda ukasema kwamba haya ni mambo ya wakubwa wa Nairobi. Baadhi yake ni hivyo. Lakini mzee wangu wa banda la kinyozi aliniuliza swali ambalo nami nakuuliza wewe: mara ya mwisho ulipolipa kuingia kiwanjani kutazama timu ya kwenu ilikuwa lini? Wengi wetu twazijua timu za London jina kwa jina, hata wachezaji wa akiba, na hatumjui mlinda lango wa timu ya tarafa yetu. Kiingilio chake ni kidogo kuliko bei ya soda na mkate. Watu mia tano wakilipa hicho kila juma la pili, basi la safari ya tatu litakuja. Na mahali penye timu isiyokosa safari ndipo patakapotoka timu ya kupanda daraja kwa miguu yake, mpaka Kinoru ipate mpangaji wake.